Vita vya Mnyororo Uani kwa Hippolyte

Sogeeni, enyi mliokaa barazani nanyi mnaopita njiani, enyi wake mnaochagua maharagwe na waume mnaosubiri yaive. Tulizeni watoto, zimeni redio, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, kwa maana habari ninayoileta si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Ni habari ya vita vilivyopiganwa mchana kweupe katika mji wa Kalemie, mtaa wa Kataki, kati ya Hippolyte muuza mawese na mnyororo wa pikipiki yake. Hakufa mtu. Lakini hata vita visivyoua vina haki ya kusimuliwa, na huenda vina haki zaidi, kwa kuwa mashahidi wote wako hai na kila mmoja ana lake.

Nawe Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa wote walioshika vyombo vya kazi, uliyejua kwamba msumari ukipigwa kwa hasira huenda upande, nisaidie nisitie chumvi kupita kiasi. Kiasi chenyewe nitakijua mimi.

Jueni kwanza shujaa wetu ni nani. Ni Hippolyte, mvuka mto Lukuga, bwana wa madumu ya njano, ambaye kwa miaka mingi amekwenda Niemba na kurudi, akichukua mawese kwa wakulima wa huko na kuyauza sokoni Kalemie. Kipandwa chake kilikuwa pikipiki ndogo nyekundu ya porini, iliyoinuka juu kama korongo, yenye matairi ya meno na springi ndefu za nyuma zilizopanda na kushuka njiani kama mtu anayeitikia mahubiri. Mashimo yaliijua, vijito viliijua, na matope ya masika yalikuwa yameimeza na kuitapika mara nyingi. Hippolyte aliipenda pikipiki hiyo mapenzi ya kweli, na kama wapendao wengi, alidhani kupenda kunatosha.

Kwa maana shujaa alikuwa na makosa mawili, nayo yalikuwa makosa ya barabara nzima ya Niemba, si yake peke yake. La kwanza, alikuwa amekiondoa kifuniko cha mnyororo. Wanaume wa barabara ile hukiondoa wote, kwa kuwa wakati wa mvua udongo mwekundu hujisindika kati ya kifuniko na mnyororo hata gurudumu likakataa kuzunguka. Tena asiye na kifuniko huonekana mtu aliyesafiri. Kifuniko cha Hippolyte kilikuwa kimeshapata kazi nyingine, kikawa komeo la mlango wa banda la bata. La pili lilikuwa zito zaidi. Mnyororo wake, au sheni kama wanavyosema pale Kataki, aliupaka mawese.

Msicheke bado. Mtu aliyekulia kwenye mawese, anayekula sombe ya majani ya muhogo iliyoungwa kwa mawese, aliyemwona mama yake akiwapaka watoto mawese ili wang'ae siku ya ubatizo, na ambaye nyumba yake imejaa mawese hata chini ya kitanda, aende wapi kununua mafuta mengine? Aliyapaka kila safari kwa mkono mkarimu. Vumbi la barabara likaja likakaa juu ya mawese, na mawese mapya yakaja juu ya vumbi, mpaka mnyororo ukavaa joho zito la rangi ya tofali, ukachakaa ndani kwa ndani, ukalegea na kuning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Bata waliufuata uani wakiudonoa. Hippolyte aliona fahari ya namna fulani kwamba pikipiki yake inapendwa hata na ndege.

Ndipo ikaja Jumapili ya Pasaka, siku ambayo katika nyumba ile hutajwa kwa sauti ya chini. Mama Pétronille, mke wa shujaa, binti wa Niemba, mwenye neno lisilorudi, alikuwa amejifunga liputa mpya ya kijani yenye ndege weupe, kitambaa kilichovuka ziwa kutoka Kigoma na ambacho Kataki ilikuwa bado haijakiona. Aliketi nyuma ya mumewe kiupande, kama aketivyo mama wa heshima. Walipokaribia mlango wa kanisa, upindo wa liputa ulishuka pale ambapo kifuniko hakikuwapo, na mnyororo uliolegea ukaushika. Hippolyte aliisikia pikipiki inakuwa nzito. Badala ya kusimama na kuuliza, aliongeza gesi. Liputa ikaenda yote. Mama Pétronille alitua kwa miguu yake miwili, tumshukuru Mungu, akiwa na gauni lake la ndani tu, mbele ya kwaya iliyokuwa inaingia kwa Aleluya. Na sauti ya kwanza ya kwaya ile haijaimaliza Aleluya hiyo mpaka leo.

Njia nzima ya kurudi aliitembea kwa miguu, akiwa amejifunga kitambaa cha kuazima. Alipofika nyumbani aliisimamia pikipiki kama hakimu anavyomsimamia mshtakiwa, akatoa hukumu.

"Papa Hippolyte, hii pikipiki yako imekula liputa yangu mbele ya Mungu na mbele ya bantu. Leo ni kitambaa. Siku ingine itakuwa muguu yangu. Mi sitaipanda tena."

Kisha akaikunja ile liputa, iliyotafunwa na kupakwa mawese na vumbi, akaitia ndani ya sanduku lake la nguo, juu kabisa. Mgeni akifika na kuuliza habari za Pasaka, sanduku hufunguliwa na ushahidi huletwa. Shemeji walioneshwa. Katekista alioneshwa. Mwuza samaki aliyekuja kuomba maji tu, naye alioneshwa, akasahau kunywa.

Tangu siku ile Hippolyte alikwenda na kurudi na madumu peke yake. Zamani, Jumamosi, mkewe alipanda nyuma wakaenda sokoni, na mkono wake wa kushoto ulikaa juu ya bega la mumewe toka Kataki hadi sokoni, bila kubana wala kuachia. Dumu la mawese ni abiria mtulivu, halilalamiki, halisemi punguza mwendo. Lakini dumu halina mkono. Hilo Hippolyte hakumwambia mtu. Mimi nalisema kwa niaba yake, kwa sababu bila hilo vita vyote vilivyofuata ni kelele za spana tu.

Hata zikapita wiki, habari ikatoka Niemba kwamba Evodie, mdogo wake Pétronille, anaolewa Jumamosi. Nanyi mnajua mkwe wa kwanza wa nyumba anavyoangaliwa siku kama hiyo. Yeye na mkewe ndio wanaotangulia kuingia ua wa wazee, wakiwa pamoja, ili bibi na bwana arusi wapya waone mfano. Mkwe anayefika kutoka Kalemie na pikipiki yake, huku mkewe anateremka kutoka juu ya magunia ya mahindi ya watu, huyo ni mfano wa namna nyingine. Wazee hawatasema kitu. Watawatazama wote wawili, kisha watatazamana. Na Mama Pétronille alikuwa ameshazungumza na mwenye lori: Ijumaa asubuhi litapita pale barabarani, lipige honi, naye atapanda.

Basi Alhamisi, jua likiwa limevuka utosi, Hippolyte aliisukuma pikipiki hadi katikati ya ua, akapanga chini spana zake, akavua shati, akasimama kifua wazi mbele ya adui. Kataki yote inakijua kifua hicho, si cha sanamu. Lakini siku ile kilikuwa kifua cha mtu aliyeamua. Mama Pétronille alikuwa mlangoni pa jiko akitwanga sombe kwenye kinu. Hakuinua macho. Mchi ulipanda ukashuka, tu, tu, tu, na hiyo ndiyo ilikuwa ngoma ya vita.

Mlio wa spana ya kwanza ulimleta Papy. Papy ni jirani, dereva wa taksi-moto, pikipiki ya abiria, shujaa wa honi, mtu ambaye hajawahi kuisikia spana ikigonga chuma akabaki kwake. Aliingia uani bila kubisha, akauzunguka mnyororo kwa hatua za jemadari anayekagua ngome, akatoa shauri lake la kwanza. Kwa mujibu wa Papy, kusafisha sheni ni kazi ya kupepesa macho: unawasha injini, unatia gia ya kwanza gurudumu likiwa juu, unaikumbatia sheni kwa kitambaa, nayo inajisafisha yenyewe inavyokwenda. Yeye hufanya hivyo siku zote.

Hippolyte aliitazama mikono ya Papy, akaona kidole kimoja chenye kovu na ukucha ulioota kombo. Kisha akavitazama vidole vyake mwenyewe, vyote kumi, vinavyofunga vizibo vya madumu na kufanya ishara ya msalaba. Alichomoa ufunguo wa pikipiki akautia mfukoni mwake, akaupigapiga mfuko kwa nje, na kwa tendo hilo dogo akawa amekwepa jeraha ambalo mashujaa wakubwa kuliko yeye hawakulikwepa.

Akaliegemeza gari lake la vita juu ya boksi la sabuni ili gurudumu la nyuma liwe hewani. Akachukua mafuta ya taa na mswaki wa zamani, akaanza kulizungusha gurudumu kwa mkono, polepole, akisugua pingili baada ya pingili. Papy aliuliza mswaki ni wa nani, akaambiwa asiulize. Joho la tofali likaanza kudondoka vipande vipande, na ndani yake mkawa na historia yote ya barabara: vumbi la kiangazi, matope ya Lukuga, unyoya wa bata, bua la mahindi. Na ndani kabisa, penye meno ya gurudumu, mswaki ukakamata kitu laini. Hippolyte akakivuta. Ulikuwa uzi wa kijani.

Aliushika kati ya vidole akiutazama, na kwa muda mfupi hapakuwa na vita wala hadithi, bali mtu mmoja mwenye haya. Siku ya Pasaka alikuwa amecheka kidogo. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu asiyejua la kufanya na uso wake. Lakini mkewe alimwona. Akauviringisha uzi ule akautia mfukoni, pamoja na ufunguo.

Mnyororo sasa uling'aa, nao uling'aa ukiwa umelegea. Ikaja zamu ya nati kubwa ya ekseli, mlinzi wa gurudumu, mkaidi mwana wa mkaidi, aliyekaa mahali pake bila kuguswa tangu mvua za mwaka juzi. Shujaa akamwekea spana, nati ikakataa. Akamsimamia kwa mguu, nati ikakataa. Papy akaleta bomba la chuma, wakalivisha mpini wa spana ili uwe mrefu, wakalisukuma wote wawili huku mishipa ya shingo imewasimama. Ndipo nati ikatoa mlio ambao bata waliukimbia, ikageuka. Hata mchi ulikosa pigo moja.

Hapo Papy akapanda juu ya kigoda, kwa kuwa alikuwa na fundisho, na fundisho lake lilihitaji urefu.

"Sikia, Papa Hippo. Sheni ya kulegea njo ilikuharibia Pasaka. Sheni inakazwa mupaka inaimba. Unaipiga na kidole, inaitika ting, kama gitaa ya kanisa. Isipoimba, haiko sheni, ni kamba ya mbuzi. Mimi njo nakuambia, na mimi naishi juu ya pikipiki."

Maneno hayo yalikuwa matamu, na Hippolyte alikuwa amechoka kulegea. Akazigeuza zile skrubu mbili za kuvutia gurudumu nyuma, ya kushoto na ya kulia, akihakikisha kwa alama zilizochongwa pembeni kwamba pande zote zinakwenda sawa, maana gurudumu likikaa kombo na mnyororo huenda kombo. Alikaza akakaza. Mnyororo ukanyooka kama mstari. Papy akashuka, akaupiga kwa kidole, nao ukaimba ting, sauti safi kabisa. Papy akautangazia mtaa ushindi kwa honi ya mdomo, na watu wawili waliokuwa wakipita wakapunga mkono bila kujua wanapungia nini.

Laiti hadithi ingeishia hapo, ningekuwa nimeshakwenda kula. Lakini Papy, katika furaha yake, aliishusha pikipiki kutoka kwenye boksi akairukia kuisherehekea. Zile springi ndefu za nyuma zikashuka chini ya uzito wake, kama zilivyoumbwa kushuka, na Hippolyte, aliyekuwa bado amechuchumaa mkono karibu na mnyororo, akasikia kitovu cha gurudumu kikiguna kama mtu aliyebebeshwa gunia asilolitarajia. Akaugusa mnyororo. Haukuwa unaimba tena. Ulikuwa mgumu kama nondo.

Shujaa akamwambia Papy ashuke, mnyororo ukalegea kidogo. Akamwambia apande, ukakauka. Ashuke, apande. Papy aliuliza kama yeye ni ndoo ya kisima. Lakini Hippolyte alikuwa ameshaelewa, na kuelewa huko kulimtia baridi: pikipiki ikishuka, gurudumu husogea, na mnyororo hujivuta. Kama unakauka hivi kwa Papy, ambaye mvua ikinyesha hupita katikati ya matone, itakuwaje watu wawili wakiingia shimo la kwanza baada ya Lukuga? Utakatika. Au utajifunga kwenye gurudumu, pikipiki isimame ghafla kama nyumbu, na aliye nyuma aruke mbele. Na aliye nyuma alikuwa akitwanga sombe pale mlangoni. Hapo shujaa wetu aliogopa, wala sioni aibu kusema kwamba aliogopa.

Akazilegeza skrubu. Sasa lilibaki swali moja: alegeze kiasi gani? Jibu halikuwa kwenye pikipiki tupu, hilo lilikuwa wazi. Lilihitaji uzito wa safari yenyewe. Akamkalisha Papy mbele badala yake, miguu yote miwili chini, na nyuma akapandisha gunia la mahindi. Gunia ni jasiri lakini halijui kukaa. Liliinama kushoto kwa adabu, likamwegemea Papy mgongoni, kisha likateleza lote likaenda chini, likapasuka mshono, na bata wote wa Kataki wakaitwa karamuni. Akajaribu madumu mawili ya mawese yaliyofungwa kwa mpira. Madumu yakakaa vizuri, lakini yakawa mepesi mno. Hippolyte akasimama, akajifuta jasho, akakihesabu kichwani kile kilichobakia kujaribiwa. Kilikuwa kitu kimoja.

Papy naye alikuwa amekifikia. Akageuza uso akaangalia mawingu juu ya ziwa kwa hamu kubwa, maana kuna uzito ambao mwanaume mwenye akili hautaji, wala hakai karibu na mwingine anayeutaja.

Hippolyte akavuka ua. Umbali ule haufiki urefu wa mtumbwi, lakini Stanley na wapagazi wake wote hawakuvuka nchi ngumu kuliko ile. Alisimama mbele ya kinu, mikono myeusi, magoti yenye mafuta ya taa. Mchi ukasimama.

"Mama, nikuambie kweli. Nikiipima ile sheni pikipiki ikiwa yenyewe tu, inanidanganya. Nikiipima na Papy, inanidanganya nusu. Mi siwezi kuipima kwa muntu mumoja, sababu siitengenezi kwa muntu mumoja. Kipimo yake njo sisi bawili. Bila weye kukaa pale, sitajua kitu."

Mama Pétronille akaulaza mchi juu ya kinu. Kisha akauliza, kwa upole ambao ulimfanya Papy afunge macho, kama mumewe alikuwa ametembea njia yote hiyo kuja kumwambia kwamba yeye ni mzito kuliko gunia la mahindi.

Kulikuwa na majibu mengi, na mengi kati yake yangeimaliza ndoa hiyo pale pale. Hippolyte akayaacha yote yapite. Alisema kwamba gunia lilianguka kwa sababu halikuwa na akili ya kukaa kama yeye. Tena alisema hamwombi aende Niemba, ana lori lake na yeye analiheshimu. Anamwomba akae tu, hapa hapa, pikipiki imesimama, injini imezimwa, ufunguo uko mfukoni.

"Lete huo ufunguo," akasema Mama Pétronille.

Akautoa, na uzi wa kijani ukatoka nao, umejisokota kwenye tundu lake. Mama Pétronille aliuona uzi. Akaufunga ufunguo na uzi vyote pamoja kwenye ncha ya liputa aliyokuwa amejifunga, fundo la mama anayefunga akiba, akanawa mikono, akauvuka ua. Akaiangalia pikipiki juu hadi chini. Halafu hakuketi kiupande. Alikunja nguo yake juu ya magoti, akaichomeka vizuri chini ya mapaja, akapanda kama apandavyo mwanaume, mguu huku na mguu huku, kila mguu juu ya kikanyagio chake.

Springi zikashuka. Hippolyte akapiga magoti katika vumbi kando ya gurudumu, na naapa kwamba hakuna aliyewahi kupiga magoti kanisani kwa moyo kuliko yeye, Jumapili ya Pasaka wala Jumapili nyingine. Akatia vidole viwili katikati ya mnyororo, akausukuma juu na chini. Mgumu bado. Akalegeza kidogo kushoto, kidogo kulia. Akajaribu tena. Mgumu. Papy mbele alikaa kama sanamu ya mjini, hapumui. Akalegeza tena, sawa kwa sawa, na sasa mnyororo ukacheza: vidole viwili vikapita vikakaa, bila kubanwa wala kuzubaa. Akalizungusha jicho lake kwenye alama za pembeni, zikawa sawa. Akaikaza nati kubwa kwa nguvu zote za mwili. Akaikanyaga breki ya nyuma, akaona kusogea kwa gurudumu kumeikaza mno, akairekebisha nayo. Akaja akapima tena mnyororo, kwa kuwa nati ikikazwa huweza kuiba kidogo. Haikuiba.

"Iko namna gani?" akauliza Mama Pétronille toka juu, akiangalia mbele.

"Iko vizuri," akasema Hippolyte.

"Na kifuniko?"

Wote wakaligeukia banda la bata. Shujaa akainuka, akakivua kifuniko kwenye mlango wa banda, na bata waliokuwa bado ndani wakatoka mmoja mmoja kama wafungwa waliosamehewa na rais. Akakisugua kwa mchanga, akakirudisha mahali kilipozaliwa, juu ya mnyororo, akakifunga kwa bolti mbili zilizotoka mfukoni mwa Papy, ambaye mfukoni mwake hutoka vitu vyote vya pikipiki za wengine. Wanaume wa barabara ya Niemba watamwona na kifuniko hicho nao watacheka. Hippolyte alisema, akiwa amewapa mgongo, kwamba wakicheka ataongeza cha pili.

Mama Pétronille na Papy wakashuka, pikipiki ikarudi juu ya boksi, likabaki pambo la mwisho. Alikuwa amenunua kichupa cha mafuta mazito ya gia, meusi, yasiyolika na yasiyofaa kwa sombe, naye akayadondosha juu ya pingili huku akilizungusha gurudumu kwa mkono. Mafuta yakaingia yanakotakiwa, na ya ziada yakabaki juu, yakingoja kurukia nguo ya mtu. Yalihitaji kupanguswa. Akatafuta kitambaa. Cha Papy kilikuwa kimelowa mafuta ya taa. Shati lake mwenyewe lilikuwa la kwendea arusini. Akasimama akiangalia huku na huku, mikono wazi.

Mama Pétronille akaingia ndani. Wakasikia sanduku linafunguka. Papy akanong'ona kwamba ushahidi unakuja, na Hippolyte akainamisha kichwa, akidhani kazi yake yote imefika mbele ya mahakama ile ile na atahukumiwa upya. Mkewe akatoka na liputa ya Pasaka, kijani, ndege weupe walioliwa mabawa. Akaifungua hewani, akaiangalia mara moja. Kisha akaishika kwa meno na mikono miwili, akaipasua, kraa, kipande kizuri cha kutosha mkono wa mwanaume, akampa.

"Pangusa," akasema. Akarudi kwenye sombe.

Hippolyte alipangusa. Alipangusa mnyororo wote, pingili kwa pingili, na alipofika mwisho akaanza tena, ingawa hapakuwa na mafuta yaliyobaki. Papy aliagana kwa sauti ndogo, jambo ambalo jirani zake hawajalisahau.

Ijumaa asubuhi lori lilipiga honi barabarani. Likapiga tena. Mama Pétronille akatoka amevaa suruali ya zamani ya mumewe chini ya liputa fupi iliyochomekwa pande zote, na juu ya nywele alizosukwa kwa siku nzima kwa ajili ya arusi alikuwa amevaa kofia ngumu ya pikipiki. Tendo hilo wanawake wa Kataki waliliona wakiwa malangoni mwao, wakalihesabu kuwa kubwa kuliko yote ninayosimulia. Akamwambia mwenye lori aende salama. Akalifungua lile fundo, akauchomoa ufunguo akampa Hippolyte. Uzi akaubakiza.

Basi itangazwe, enyi mliosikiliza, na iandikwe juu ya ukuta wowote usio na maandishi: kwamba katika siku zetu, Kalemie, mtu mmoja aliuacha mnyororo upumue vidole viwili, akarudisha kifuniko mahali pake, na mawese akayarudisha kwenye chungu. Honi ya treni haikulia kwa ajili yake. Redio ya mji ilisoma matangazo ya misiba na bei ya samaki kama kawaida. Bata, waliopoteza komeo la mlango wao, walilala barazani wiki nzima, nao ndio majeruhi pekee wa vita hivyo.

Walipofika daraja la Lukuga, mkono wa kushoto ulikuwa begani, pale pale pa zamani. Ghafla ukambonyeza. Hippolyte hakuongeza gesi. Alipunguza, akasimama kando, akaweka mguu chini, akauliza kuna nini. Hapakuwa na kitu. Upindo ulikuwa umechomoka kidogo, na Mama Pétronille alitaka kuuchomeka tena. Shujaa akangoja.